Namna ya kuufuatilia ukoo wako makaburini na kwenye vitabu vya kanisa (kwa watu wa Kilimanjaro, wengine igeni tu)

Mimi nimekulia Dar, kwetu ni Kilimanjaro, na kama watoto wengi wa mjini nilikuwa namjua baba, namjua babu, basi hapo ndo mwisho. Siku moja tupo msibani, shangazi mkubwa wa baba amefariki, kijana wa ukoo anasoma wasifu wa marehemu, kafika pale pa "alizaliwa mwaka..." akasita, akamwangalia mzee mmoja, mzee akamwangalia mwenzake, mwisho wakasema andika 1930 tu. Andika 1930 tu! Na hiyo 1930 ndo ilienda kuchongwa kwenye msalaba. Kuanzia hapo nikasema haiwezekani, nikaanza kuchimba taratibu kila likizo, sasa ni mwaka wa nne huu. Naandika hapa jinsi nilivyofanya pamoja na makosa yangu, maana muda mwingi niliupoteza kwa kutojua pa kuanzia.

Kabla ya yote, ukienda unatafuta jina moja tu utarudi mikono mitupu. Jina la mzee wako limeandikwa namna tano tofauti na pengine halijaandikwa kabisa. Watafute watu waliosimama pembeni ya hilo jina, yaani msimamizi wa ubatizo, shahidi wa ndoa, jirani wa kihamba (shamba la nyumbani la ukoo), mtu aliyezikwa mita mbili kutoka kwake. Mimi hao ndo walionifikisha.

Hatua ya 1: Anza na walio hai, na uanze wiki hii

Vitabu vya kanisa vimekaa miaka mia na vitakusubiri, bibi wa miaka 88 hakusubiri. Nenda na simu yenye chaji, omba ruhusa ya kurekodi, weka simu mezani halafu isahau. Usiende mikono mitupu jamani, sukari, majani ya chai, sabuni, khanga kwa bibi, na kama mzee ni wa mbege (pombe yetu ya ndizi) basi mbege inafungua mengi kuliko daftari lako.

Usimwulize mzee "ulizaliwa mwaka gani", atakupa mwaka ulioko kwenye kitambulisho chake na huo nao mara nyingi ulikadiriwa na karani fulani, ndo maana wazee wengi wa nchi hii wamezaliwa tarehe 1 Januari. Uliza kwa matukio. Wakati KNCU, chama cha ushirika cha kahawa, inaanza (1933) ulikuwa umeshaanza kuchunga? Marealle alipoapishwa kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu wa Wachagga (1952), ulikuwa umeolewa? Uhuru ulikukuta na watoto wangapi? Kwa habari za baba zao, uliza kama mzee alikuwa anahadithia vita ya Mjerumani ya 1914 hadi 1918 kama mtu aliyeiona au kama mtu aliyesimuliwa, na hivyo hivyo kwa kunyongwa kwa Mangi Meli wa Old Moshi na Molelia wa Kibosho, tarehe 2 Machi 1900. Hiyo tofauti ya kuona na kusimuliwa inakupa miaka kumi mbele au nyuma bila mtu kutaja tarehe.

Halafu tumia mpangilio wetu wa majina. Kwa familia nyingi za Kichagga mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wa kike hivyo hivyo kwa bibi zao. Sasa ukipata majina ya watoto wa mzee kwa mpangilio wa kuzaliwa, una uwezo wa kubahatisha majina ya wazazi wake na wakwe zake kabla hujagusa kitabu chochote. Sio kila nyumba inafuata na kuna watoto waliofariki wadogo wanavuruga hesabu (waulize kwa upole hao, kina mama wanawakumbuka wote), ila inasaidia sana.

Na muulize kila bibi kwao ni wapi na baba yake aliitwa nani. Wanaume tunajua kutaja ukoo wa baba mpaka kizazi cha tano halafu mama zetu wote wanaitwa "mama fulani".

Hatua ya 2: Pekua makabati

Sanduku la chuma chini ya kitanda cha bibi. Mle kuna kadi za ubatizo, vyeti vya ndoa, kadi za chama cha kahawa, picha zilizoandikwa nyuma kwa penseli, Biblia yenye majina ya watoto ukurasa wa mwanzo. Zile ratiba za mazishi zenye picha ya marehemu mbele usizidharau, mle ndani kuna wasifu, majina ya watoto, parokia aliyobatizwa, wakati mwingine mpaka jina la msimamizi. Nimekusanya za ukoo wetu tangu miaka ya 90, ninazo kwenye faili moja, na kila nikikwama narudi humo.

Kwa Wakatoliki kitu unachokitaka kuliko vyote ni namba ya ubatizo. Kwenye kadi au cheti cha ndoa utaona imeandikwa L.B. na namba, hiyo ni namba ya mstari kwenye kitabu cha waliobatizwa. Ukiwa nayo unaingia ofisini na kutoka baada ya dakika kumi. Usipokuwa nayo, jiandae kukaa.

Hatua ya 3: Makaburini, lakini piga hodi kwanza

Hapa nakaa kidogo maana watu wanaharibu.

Kwetu makaburi mengi hayako makaburini. Yako kihambani, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Makaburi ya misheni yapo, utakuta mapadre, masista, wachungaji, makatekista na baadhi ya waumini wa zamani, ila babu wa babu yako kuna uwezekano mkubwa amelala kwenye kihamba ambacho leo kinamilikiwa na mtoto wa binamu wa baba yako ambaye mnasalimiana kwenye harusi tu. Sasa wewe mtu wa mjini unashuka na gari, una kamera, unauliza kaburi la mzee liko wapi, unapima kwa hatua, unaandika kwenye daftari. Unadhani yule ndugu atafikiria nini? Atafikiria shamba. Kaburi la mzee kwenye ardhi ni ushahidi, kesi za vihamba zinazungumzia makaburi kila siku, kwa hiyo ukianza kuhesabu makaburi watu wanaanza kuhesabu mipaka.

Mimi lilinikuta. Mwaka wa kwanza nilienda peke yangu, nikapokelewa vizuri kabisa, chai, ndizi, halafu jioni baba akapigiwa simu kuulizwa "huyu kijana wako anataka nini huku". Ikachukua mwaka mzima kurudisha imani. Kwa hiyo sasa: nenda na mzee anayeheshimika pande zote mbili, ikiwezekana shangazi maana shangazi hagombei kihamba, sema mapema unaandika historia ya ukoo na nakala utawaletea, na siku ya kwanza usipige picha yoyote. Kaa, kunywa chai, rudi kesho yake.

Ukishakubaliwa, beba vitu hivi: brashi laini (ile ya kupakia rangi inafaa), chupa ya maji safi, kitambaa, kioo kidogo cha kujitazamia, daftari na penseli. Usisugue jiwe kwa brashi ya waya, usimwage sabuni ya unga, usipake chaki wala unga wa ngano ili maandishi yaonekane, vyote hivyo vinakula jiwe na saruji, na saruji ya miaka ya 50 ni laini kuliko unavyofikiria. Maji na brashi laini, basi. Moss, kile kijani kinachoota juu ya jiwe, kikigoma kiache.

Maandishi yaliyofifia yasome saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini na linapiga kwa ubavu, herufi zinajitokeza zenyewe kwa kivuli. Kwenye migomba ambako jua halifiki ndo kazi ya kile kioo, mwenzako asimame kwenye mwanga aurushe kwa pembeni, sio usoni mwa jiwe. Usiku tochi ya simu ukiilaza pembeni inafanya kazi hiyo hiyo ila usiku kwenye kihamba cha watu... hapana.

Piga picha tatu kwa kila kaburi: moja ya karibu ya maandishi, moja ya kaburi zima, na moja ya mbali ikionyesha makaburi ya jirani. Hiyo ya tatu watu wanairuka na ndo ya thamani. Nani kalala karibu na nani haitokei kwa bahati, mke wa kwanza yuko upande gani, mtoto aliyekufa mdogo kawekwa miguuni mwa nani. Chora ramani kwa mkono kwenye daftari na uwashe lokesheni ya simu wakati wa kupiga picha. Nakili maandishi kama yalivyo pamoja na makosa yake, usirekebishe "Aloyse" kuwa "Aloyce" kwa sababu unajua ndo sahihi.

Kaburi lisilo na maandishi pia linasema. Tafuta sale (isale), yale majani marefu ya mpakani. Wazee waliyapanda kwenye mipaka na pia makaburini, kwa hiyo ukiona sale limesimama peke yake katikati ya migomba ambapo hakuna mpaka, uliza. Mimi kaburi la kaka yake baba wa babu nimelipata hivyo. Nilidhani ni jani la mapambo.

Na sasa kuhusu kuamini jiwe. Jiwe haliandikwi siku ya mazishi. Siku ya mazishi kuna msalaba wa mbao, kujengea kaburi kunakuja baadaye, mwaka mmoja, kumi, ishirini, siku watoto wakipata hela, na tarehe anaitoa mtoto kichwani anampa fundi, fundi naye ana spelling zake. Kwa hiyo tarehe ya kifo ina nafuu, tarehe ya kuzaliwa ni makadirio ya ukoo. Kila mara uliza kaburi lilijengwa mwaka gani na nani alimwandikia fundi.

Kama mzee alikuwa askari, kuna tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina makaburi Moshi, Dar es Salaam, Tanga, Iringa, na upande wa Kenya Taveta na Voi, na kwenye tovuti yao unatafuta jina bure. Ila usivunjike moyo usipomwona wako. Waafrika wengi waliokufa kwenye vita ya kwanza, hasa wapagazi, hawakuwekewa jina popote, na CWGC wenyewe walikiri hilo kwenye ripoti yao ya 2021. Kariakoo yetu jina lake limetoka kwa hao hao wapagazi, Carrier Corps, halafu leo tunanunua viatu pale.

Hatua ya 4: Jua kitabu kiko parokia gani

Hapa ndo wengi wanakwama. Babu yako alisali parokia X, unaenda parokia X unaambiwa vitabu vyetu vinaanza 1968. Ni kweli, kwa sababu parokia X ilikuwa kigango wakati ule, yaani tawi la parokia nyingine. Unatakiwa kwenda kwa parokia mama. Uliza katekista mzee yeyote "hapa mlizaliwa kutoka wapi" atakupa ukoo wa parokia kama unavyotaja ukoo wa mtu.

Kwa Wakatoliki misheni za mwanzo mlimani ni za mapadre wa Roho Mtakatifu, Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Kibosho 1893. Kilimanjaro ikawa vikarieti yake (hatua ya kabla ya kuwa jimbo) 1910 na jimbo la Moshi 1953, sasa kama ukoo wenu uko upande wa Arusha au Same jua kwamba majimbo hayo yalikatwa baadaye kutoka hapo. Kwa Walutheri, wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, Mamba 1894, Old Moshi 1896, na utaratibu ni ule ule ila maneno tofauti, unauliza usharika mama na mitaa yake.

Majina yenyewe yanakuonyesha njia. Ukoo wenye kina Elifuraha, Eliamani, Elirehema, Ndeonansia, anzia usharikani. Ukoo wenye kina Aloyce, Deogratias, Gaudence, Adelina, anzia parokiani. Ila bibi zetu waliolewa wakabadili kanisa, kwa hiyo usishangae ndoa iko kwa padre na ubatizo uko kwa mchungaji.

Hatua ya 5: Ofisini

Usiende Desemba. Desemba ni ya wazee, wote wapo nyumbani, lakini ofisi ya parokia Desemba ina ndoa, ubatizo, kipaimara, misa za kumbukumbu na watu wa mjini wote wanataka vyeti siku hiyo hiyo. Nenda Februari au baada ya Pasaka, siku ya katikati ya wiki, asubuhi. Piga simu kwanza.

Beba barua ya utambulisho kutoka jumuiya yako au usharika wako unaosali sasa, hata kama uko Mbezi. Eleza ni mzee wako wa mstari upi. Vitabu hivi ni mali ya kanisa, sio maktaba, paroko au mchungaji ana haki kukataa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 wengi wamekuwa waangalifu zaidi hasa kwa watu walio hai, wako sahihi. Omba miaka ya zamani tu. Andika kwenye karatasi moja: majina ya mzee na namna zake zote, jina la baba, jina la mke, kigango, na kipande cha miaka, mfano 1915 hadi 1925. Ukimwambia karani "natafuta babu yangu" anachoka kabla hajasimama.

Mikono safi na mikavu, penseli sio peni, usilambe kidole kufunua ukurasa, usilaze daftari lako juu ya kitabu ukaandikia hapo. Picha omba, ukikataliwa nakili kwa mkono. Kuna ofisi moja karani alisoma yeye mimi nikaandika, saa tatu, na kwa kweli ilikuwa bora kuliko picha maana alizijua familia zote alizokuwa anasoma, kila mstari ana stori yake. Ukimaliza toa sadaka ya ofisi. Hakuna aliyeniomba ila mtu kakupa asubuhi nzima.

Hatua ya 6: Kusoma mwandiko wa padre

Vitabu vya zamani vya Kikatoliki ni Kilatini na usiogope, maneno ni yale yale kumi na tano yanazunguka. *Natus* ni aliyezaliwa (*nata* kwa mwanamke), *filius* na *filia* ni mtoto wa kiume na wa kike, *baptizavi* ni nimebatiza, *patrinus* na *matrina* ni wasimamizi, *uxor* ni mke, *vidua* mjane, *testes* mashahidi, *obiit* amefariki, *sepultus* amezikwa. *Pagani* maana yake wazazi hawakuwa Wakristo, usikasirike, imeandikwa kwa nusu ya babu zetu. *In periculo mortis* ni kwamba alibatizwa akiwa mahututi, na ukiona hivyo mtafute kwenye kitabu cha marehemu siku hizo hizo, ila wengine walipona wakaishi miaka sitini. *Annorum circiter 20* ni "wa miaka kama 20", padre kamwangalia usoni akakadiria.

Mtego mkubwa wa tarehe: ukikuta 7bris sio Julai, ni Septemba. 8bris Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Mimi nilimzalisha mtu miezi miwili kabla ya wakati wake kwa hiyo saba.

Vya Kilutheri vya mwanzo ni Kijerumani, *geboren* kuzaliwa, *getauft* kubatizwa, *gestorben* kufariki, *Paten* wasimamizi. Shida sio maneno, ni mwandiko, ile Kurrent yao ya zamani ambapo herufi e inafanana na n, na s ndefu inafanana na f. Tafuta jedwali la herufi mtandaoni, printi, liweke pembeni.

Majina sasa. Mjerumani aliandika anavyosikia kwa herufi zake: Machame ni *Madschame*, Moshi ni *Moschi*, Kibosho ni *Kiboscho*, na Wachagga ni *Dschagga*. Kwa hiyo sh yako itafute kwenye sch, ch kwenye tsch, j kwenye dsch, y kwenye j, v kwenye w. Padre Mfaransa naye sh yake ni ch na u yake ni ou. Na majina ya watakatifu yako kwa Kilatini, Aloyce ni *Aloysius*, Ludoviki ni *Ludovicus*, Karoli ni *Carolus*, Yohani ni *Joannes*. Nilipitia kitabu kizima natafuta jina la ukoo wetu, sikuliona hata mara moja, nikajua tumepotea. Kumbe kwenye kurasa zile watu wameandikwa jina la ubatizo na jina la baba tu, jina la ukoo kama tunavyolitumia kwenye vyeti limekuja kukaa sawa baadaye, na mambo ya shule. Usitafute ukoo. Tafuta jina la ubatizo na la baba.

Pembeni ya mstari wa ubatizo angalia maandishi madogo. Kanisa Katoliki lina utaratibu wa kurudi kwenye mstari wa ubatizo na kuandika kipaimara, na ndoa ilifungwa wapi, lini, na nani. Mtu alihama kwenda kulima Mbulu akaoa huko? Pembeni hapo imo. Mstari mmoja unakuwa maisha mazima.

Halafu wasimamizi. Andika wasimamizi wa kila mtoto wa familia, sio wa mzee wako peke yake. Kwetu kuna familia ya jirani ambayo sio ukoo wetu lakini kwenye misiba wanakaa na sisi ndani, wanakula na sisi, hakuna anayejua kwa nini, "ndo ilivyo tangu zamani". Kitabu kilisema. Msimamizi wa baba wa babu alikuwa mzee wao, na mzee wetu baadaye akasimamia watoto wao watatu. Nilipomwambia shangazi alicheka akasema kumbe ndo maana walikatazwa kuoana.

Hatua ya 7: Weka jiwe, kitabu na mdomo meza moja

Baba wa babu, jiwe linasema 1890 hadi 1974. Kitabu kinasema kabatizwa 1921, *annorum circiter 22*, yaani kazaliwa kama 1899. Shangazi anasema mzee alikuwa anahadithia Mangi alivyonyongwa "kwa macho yake". Mtoto wa mwaka mmoja hakumbuki kunyongwa. Nani mwongo? Hakuna. Kaburi lilijengwa 1998 na baba mkubwa, ambaye alitoa 1890 kwa hesabu ya hiyo hadithi, padre alikadiria uso, na hadithi yenyewe nikaja kuambiwa na mzee mwingine kwamba ilikuwa ya kaka yake, yule wa kwenye sale. Mdogo alikuwa anaisimulia ya kaka kama yake. Mimi nimeandika "kati ya 1895 na 1900" na chini nimeweka vyote vitatu na vimetoka wapi. Usichague kimoja ukafuta vingine.

Kwa kila kitu andika umekitoa wapi: parokia, kitabu gani, ukurasa au namba, tarehe uliyokiona. Baada ya miezi sita hutakumbuka, naapa. Eksel inatosha, ukitaka mti mzuri kuna programu ya bure inaitwa Gramps. Picha weka sehemu mbili, simu zinaibiwa.

Kama kitabu hakipo

Mchwa, mvua, moto, na siasa. Baada ya vita ya kwanza Wajerumani waliondolewa, wamisionari wa Leipzig walifukuzwa 1920 na wakarudi katikati ya miaka hiyo ya 20, na katikati hapo walimu wetu Waafrika ndo walibeba sharika mgongoni, kwa hiyo ukikuta pengo au mwandiko umebadilika ghafla, sababu ni hiyo. Nyaraka za Leipzig zipo Halle, Ujerumani, kwenye taasisi ya Francke, za mapadre wa Roho Mtakatifu zipo Chevilly-Larue karibu na Paris, na barua pepe fupi yenye jina la misheni na miaka inajibiwa. Usitegemee orodha za ubatizo huko, ila kuna barua, ripoti na picha. FamilySearch, tovuti ya kutafuta kumbukumbu za ukoo, ni bure, jaribu, ingawa kwa huku kwetu usiende na matumaini makubwa. RITA na usajili wa serikali usitegemee kwa wazee, kuandikisha vizazi hakukuwa lazima kwa Waafrika walio wengi enzi za mkoloni, ndo maana hadi leo cheti cha ubatizo kinapelekwa RITA kama ushahidi wa cheti cha kuzaliwa.

Wa pwani, kama nyumbani mnasikia habari za misheni ya Bagamoyo (1868), Frere Town ya Mombasa (1875), Mbweni ya Unguja au Masasi (1876), huenda mzee wenu ni kati ya waliokombolewa utumwani, na kuna watu kwenye ukoo hawataki hilo lisemwe. Nenda taratibu. Na Waislamu, hamna kitabu cha ubatizo lakini mna ndoa za kadhi na wazee wa msikiti wanaojua nani kalala wapi, hatua ya 1 hadi 3 ni zenu kabisa.

Hatua ya mwisho: kurudisha

Utakutana na vitu. Mtoto ambaye baba hakuandikwa, mke ambaye hakuna aliyewahi kumtaja, ndoa iliyofungwa miezi minne kabla ya kifungua mimba. Hivyo haviendi kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Mpelekee anayehusika au mzee mmoja mwenye busara, mwache yeye aamue, na kama kimya basi kimya.

Vingine vyote printi uwapelekee kama ulivyoahidi, nakala moja kihambani, moja kwa shangazi, moja parokiani wakitaka. Herufi kubwa, saizi 16, wazee hawaoni, na pembeni acha nafasi pana ya kuandika. Mimi ya kwanza niliipanga vizuri imejaa hadi ukingoni, nikampa shangazi, akaenda nayo ndani. Nilirudi baada ya wiki mbili, kaijaza kwa peni nyekundu juu ya maandishi yangu, majina saba ya watoto ambao sikuwa nao, na pale nilipoandika jina la mama yake kakata kaandika "hili ni la utani, jina lake hasa nitakuambia ukija na khanga".